Makosa Madogo ya Michezo Mikubwa: Yanazaliwa Wapi, na Nani Huyalipia

Tarehe 28 Julai 2024, mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa, wachezaji wa mpira wa kikapu wa Sudan Kusini walijipanga mstari mmoja na kuweka mikono kifuani. Nchi yao haikuwa imewahi kuwa na timu ya mchezo huo kwenye Olimpiki, na wengi wao walikuwa watoto wa wakimbizi. Muziki ukaanza. Haukuwa wimbo wao. Ulikuwa wa Sudan, nchi waliyotengana nayo mwaka 2011 baada ya vita vya miongo kadhaa.

Wimbo ulikatwa kabla ya kufika mbali. Wachezaji wakabaki wamesimama palepale, watazamaji wakiwapigia makofi ya kuwatia moyo, mpaka wimbo sahihi ulipopatikana. Kisha wakaingia mchezoni wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Waandaaji waliomba radhi na kueleza kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu.

Maelezo hayo tunayasikia kila baada ya michezo mikubwa, na mara nyingi ni ya kweli: kuna mtu aliyebonyeza, aliyepima au aliyeandika vibaya. Tatizo ni kwamba yanatufanya tumtafute mtu huyo mmoja, tumlaumu, kisha tuondoke. Ukifuatilia makosa haya moja baada ya jingine, utaona kwamba karibu yote huzaliwa mahali pamoja, yaani pale kazi inapotoka mkononi mwa mmoja kwenda mkononi mwa mwingine, na kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ameshakagua.

Kwanza tujue nyumba hii ni ya nani. Mtu akiona zile pete tano kila mahali hudhani kuna mwenye nyumba mmoja. Hakuna. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, yenye makao yake Lausanne, Uswisi, inamiliki jina na inachagua mji. Mji ukishachaguliwa, inaundwa kamati ya maandalizi, ambayo kwa kweli ni kampuni ya muda: inaanza na watu wachache, inafikisha maelfu, kisha inavunjwa michezo ikiisha. Sheria na vipimo vya kila mchezo viko chini ya shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Barabara, polisi na viwanja vingi viko chini ya serikali na halmashauri ya jiji. Ulinzi, chakula, mabasi na tiketi hupewa wakandarasi. Wanamichezo huja chini ya kamati za Olimpiki za nchi zao. Halafu wapo watu wa kujitolea, ambao Paris walikuwa kama 45,000, wakihudumia wanamichezo wapatao 10,500 katika mashindano 329 ya medali.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaielewa hali hii bila kuchorewa. Mpishi amepika, wa mapambo amepamba, wa vyombo vya muziki amefika mapema. Saa ya kuingia maharusi ndipo inagundulika kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kuichukua keki. Kila mmoja alifanya lake, na lake alilifanya vizuri. Keki ilikuwa katikati yao.

Suala la bendera na nyimbo ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Julai 25, 2012, siku mbili kabla ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, timu ya soka ya wanawake ya Korea Kaskazini ilikuwa uwanjani Hampden Park, Glasgow, ikijiandaa kucheza na Kolombia. Kwenye skrini kubwa picha za wachezaji zikaonyeshwa pembeni mwa bendera ya Korea Kusini. Wachezaji wakatoka uwanjani wakakataa kurudi. Mechi ilichelewa zaidi ya saa moja, na walipokubali kucheza walishinda 2 kwa 0. Video ile ilikuwa imetengenezwa kabla. Aliyeirusha uwanjani alipokea kitu kilichokwisha kufungwa, na kitu kilichofungwa huonekana kimekamilika. Miaka 12 baadaye, kwenye ufunguzi wa Paris, boti ya Korea Kusini ilipita mto Seine na nchi ikatangazwa kwa jina rasmi la Korea Kaskazini, kwa Kifaransa na tena kwa Kiingereza. Tangazo lilikuwa lugha mbili, na kosa lilipita kote kuwili.

Kwa maoni yangu, dawa hapa haihitaji mtambo wowote. Saa moja kabla ya mchezo, aitwe kiongozi wa kila timu, aonyeshwe bendera na kusikilizishwa mwanzo wa wimbo, aseme ndiyo au siyo. Kiongozi wa Sudan Kusini asingehitaji hata sekunde tano.

Lakini bendera na wimbo, hata vikiumiza, huombewa radhi na mchezo ukaendelea. Hali ni ngumu zaidi kosa linapoingia ndani ya mchezo wenyewe.

Septemba 21, 2000, Sydney. Ilikuwa fainali ya wanawake ya jimnastiki ya vifaa vyote, yenye wanamichezo 36 waliogawanywa makundi ili kila kundi lianze na kifaa chake na kuzunguka. Kimojawapo ni kile cha kuruka, ambacho wakati ule kiliitwa farasi kwa sababu ya umbo la mgongo wake. Mwanamichezo hukimbia kwa kasi yake yote, anakanyaga ubao wa kurusha, mikono inagusa mgongo wa farasi kwa muda mfupi mno, kisha anajizungusha hewani na kutua. Kwa kasi ile hana nafasi ya kutazama na kupima. Mikono inakwenda pale ilipozoea kukuta kitu, kama wewe unavyoshuka ngazi za nyumbani kwako usiku bila taa. Sasa fikiria ngazi moja imepunguzwa usiku huo na hujaambiwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kipimo cha wanawake kilikuwa sentimita 125. Farasi lile liliwekwa 120.

Msichana mmoja baada ya mwingine alianguka. Wapo waliotua kwa magoti, wapo waliotua kwa mgongo. Svetlana Khorkina wa Urusi, aliyepewa nafasi kubwa ya dhahabu, alianguka pale, kisha akaenda kwenye kifaa kilichofuata, zile fito mbili zisizolingana urefu, ambazo yeye alikuwa bingwa wake. Akaanguka na huko. Majaji walikuwepo, maofisa wa kiufundi walikuwepo, kamera za dunia nzima zilikuwepo. Nusu ya washindani, 18 kati ya 36, walikwisha kuruka kabla ya mtu kusema kitu. Aliyesema ni Allana Slater, Mwaustralia wa miaka 16, aliyekuwa akipasha misuli moto. Alikiangalia kifaa, akaona kiko chini. Kocha akaita maofisa, ukaletwa utepe wa kupimia, na sentimita tano zikaonekana.

Hapa watu wengi huishia kushangaa: iweje kifaa cha fainali ya Olimpiki kisipimwe? Kilipaswa kupimwa. Ila angalia kilivyo. Ni kifaa cha kupandishwa na kushushwa, kwa sababu wanaume walirukia kwenye sentimita 135 na wanawake 125, na ukumbi ulikuwa uleule. Kwa hiyo kila siku kipimo kilikuwa na nafasi ya kubadilika, na kila siku kulikuwa na haja ya mtu mmoja, mwenye jina, wa kusema "nimepima mimi, ni 125." Mahali ambapo mtu huyo hayupo, macho mia moja hayasaidii. Kila jicho linategemea jingine.

Na sasa njoo kwenye jambo ambalo mimi naliona zito kuliko kosa lenyewe: marekebisho. Waandaaji walitangaza kwamba walioruka kwenye farasi lile wanaweza kuruka upya. Ukisikia hivyo unaona haki imetendeka. Lakini jimnastiki ya vifaa vyote ni jumla, na jumla ina mpangilio. Aliyekuwa ameruka tu na hajaenda popote aliweza kurudia akawa kama hakupoteza kitu. Khorkina alikuwa ameshabeba anguko lile hadi kwenye fito akiamini amejiharibia mwenyewe, na alama za fito hakuna aliyeweza kumrudishia. Ruhusa ya kurudia ilikuwa moja kwa wote, ila thamani yake haikuwa moja. Aliyeumizwa mapema na kosa, marekebisho yalimfikia kwa kuchelewa zaidi.

Historia ina mfano wa zamani unaofanana na huo. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, mhesabu mizunguko wa fainali ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji alikosea, na wakimbiaji wakazunguka mara moja zaidi. Mbio zikawa za kama mita 3,460. Volmari Iso-Hollo wa Finland alikuwa mbele sana, kwa hiyo yeye dhahabu yake haikutikisika. Shida ilikuwa nyuma yake. Joe McCluskey wa Marekani ndiye aliyekuwa wa pili mbio zilipopaswa kuisha, lakini katika mzunguko ule wa ziada Thomas Evenson wa Uingereza akampita. McCluskey hakutaka mbio zirudiwe. Akachukua shaba. Mtu mmoja alipoteza hesabu ya mizunguko, na mtu mwingine akapoteza medali ya fedha kwa mita ambazo hazikuwa sehemu ya mbio.

Kuna makosa ya aina nyingine ambayo hayamgusi mtu mmoja namna hiyo, lakini yanaonyesha mshono uleule. Rio, Agosti 2016, bwawa la kuruka mbizi la Maria Lenk liligeuka kijani kibichi katika muda wa siku moja, na bwawa la jirani likafuata. Sababu ikaja kuelezwa: mkandarasi alimwaga lita 80 za haidrojeni peroksaidi kwenye maji ambayo tayari yalikuwa na klorini. Kila dawa peke yake inasafisha maji. Zikikutana, moja inaimaliza nguvu nyingine. Klorini ikaisha nguvu, mwani ukaota. Vifaa vya kupima vilionyesha klorini ipo, kumbe haifanyi kazi. Bwawa moja ilibidi limwagwe na kujazwa maji mengine, zaidi ya lita milioni tatu. Mtu alikuwa na dawa sahihi kwa bwawa ambalo halikuwa la dawa ile, na habari ya kilichokuwa ndani haikumfikia au haikumzuia.

Usafiri nao ni kichwa kingine kinachouma. Atlanta, mwaka 1996, mabasi yalikusanywa kutoka miji mbalimbali ya Marekani, na madereva pia. Dereva mzuri wa mji mwingine bado ni mgeni Atlanta. Wakapotea njiani wakiwa na wanamichezo ndani. Mfumo wa kompyuta uliopaswa kutoa matokeo kwa mashirika ya habari nao ulitoa vituko, ikiwemo taarifa ya bondia mwenye urefu wa futi mbili na mchezaji wa vitara mwenye umri wa miaka 97. Sydney walijifunza kutokana na hayo: waliunda mamlaka moja ya barabara na usafiri wa michezo, yenye bosi mmoja, ili mabasi, treni na barabara visiwe na wenyewe watatu.

Kwetu Afrika Mashariki foleni ya Olimpiki ina kumbukumbu yake. Husimuliwa kwamba mwaka 1968, mjini Mexico City, gari lililombeba Kipchoge Keino kwenda kwenye fainali ya mita 1,500 lilikwama barabarani, akashuka na kukimbia umbali uliobaki, kama maili moja, ili awahi. Alikuwa mgonjwa wa kibofu cha nyongo. Akashinda kwa dakika 3 sekunde 34.9, akimwacha Jim Ryun wa Marekani mbali. Tunaisimulia hadithi hii kwa fahari, na fahari hiyo ni halali yake Keino. Lakini kila ninapoisikia najiuliza kuhusu wale ambao gari lao lilikwama, wakashuka, wakakimbia, wakafika wamechoka, wakashindwa. Hao hawana hadithi. Ushujaa wa mwanamichezo umeficha uzembe wa mipango mara nyingi mno, na wenye mipango wamekuwa wakipiga makofi pamoja na sisi.

Mpaka hapa nimezungumzia makosa ya saa na dakika. Yapo ya miaka. Delhi ilipewa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2010 mwezi Novemba 2003, karibu miaka saba kabla. Ilipobaki chini ya wiki mbili, Septemba 21, 2010, daraja la waenda kwa miguu karibu na uwanja mkuu wa Jawaharlal Nehru liliporomoka na kujeruhi watu 27, wengi wao vibarua waliokuwa kazini. Wakati huohuo wajumbe wa nchi walikuwa wakituma picha za vyumba vichafu kwenye kijiji cha wanamichezo, kando ya mto Yamuna, na baadhi ya timu zikaahirisha safari. Jeshi likaitwa, likajenga daraja jingine la vyuma kwa siku chache. Hebu litazame hilo: kazi iliyoshindikana kwa miaka iliwezekana kwa siku, mara tu ilipokuwa na mwenye amri mmoja.

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India, iliyotoka Agosti 2011, ilieleza chanzo kwa lugha ya kihasibu: taasisi zilikuwa nyingi, hapakuwa na mamlaka moja yenye uwezo wa kutosha na ya kuwajibishwa, na maamuzi yaliahirishwa mpaka kila kitu kikawa cha dharura. Wahenga wa mwambao walilisema kwa maneno machache: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Dharura nayo ina bei yake. Muda ukiisha, zabuni hazishindanishwi, bei haihojiwi, na anayekagua anaambiwa anachelewesha taifa. Ndiyo maana ucheleweshaji na ufisadi huonekana pamoja mara nyingi kwenye michezo ya aina hii. Mmoja humfungulia mwenzake mlango.

Usidhani ni hali ya nchi zinazoendelea tu. London, yenye fedha na uzoefu wote, iliingia mkataba wa ulinzi mwaka 2010 kwa walinzi 2,000. Desemba 2011 idadi ikapandishwa hadi 10,400. Kampuni ya G4S ikakubali. Julai 2012, wiki mbili kabla ya ufunguzi, ikabainika kwamba haitawafikisha, na serikali ikatangaza kuongeza wanajeshi 3,500. Mwaka uleule tiketi 10,000 za kuogelea kwa mitindo ziliuzwa kwa viti ambavyo havikuwepo, kwa sababu mtu aliandika 20,000 mahali pa 10,000. Tofauti ya London na Delhi haikuwa kwamba mmoja alikosea na mwingine hakukosea. London ilikuwa na jeshi na muda kidogo wa ziada wa kufunika.

Je, hakuna linalofanyika? Lipo. Tangu Sydney, Kamati ya Kimataifa ina utaratibu wa mji unaomaliza kukabidhi nyaraka na uzoefu kwa unaofuata, na waandaaji wajao huja kutazama kazi ikifanyika. Yapo mashindano ya majaribio, ambapo kila uwanja hutumiwa kwanza kwa tukio dogo ili kasoro zijitokeze mapema. Haya yamesaidia sana kwenye mambo makubwa. Lakini nyaraka hazibebi mazoea. Kamati ya maandalizi inavunjwa, watu wake wanatawanyika, na mji unaofuata unaajiri watu ambao kwao hii ni mara ya kwanza na ya mwisho. Kiwanda kinachotengeneza viatu hukosea jozi ya kwanza kikarekebisha ya pili. Hapa jozi ya kwanza ndiyo inayovaliwa, mbele ya dunia. Wenzetu wa Dakar, waliokabidhiwa Olimpiki ya Vijana ya 2026, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, wamerithi makabrasha hayo. Ninachowaombea ni orodha fupi sana: kila kipimo, kila wimbo, kila ratiba, iwe na jina la mtu mmoja pembeni yake.

Nimetaja ratiba makusudi, kwa sababu hadithi inayonisumbua kuliko zote ni ya karatasi.

Munich, Agosti 31, 1972. Wamarekani wawili, Eddie Hart na Rey Robinson, walikuwa wamekimbia mita 100 kwa sekunde 9.9 kwenye mchujo wa kwao huko Eugene, sawa na rekodi ya dunia. Asubuhi ile walipita raundi ya kwanza pamoja na mwenzao Robert Taylor, wakarudi kijijini kupumzika. Kocha wao, Stan Wright, alikuwa na ratiba iliyoonyesha robo fainali jioni. Ilikuwa ratiba ya awali, iliyochapishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Ratiba halisi ilikuwa imebadilishwa, na robo fainali zilikuwa alasiri.

Walipokuwa wakisubiri basi, wakaingia kwenye ofisi za televisheni ya ABC zilizokuwa karibu. Kwenye skrini wakaona wakimbiaji wa mita 100 wakijipanga. Wakadhani ni marudio ya asubuhi. Wakaambiwa hapana, ni sasa hivi.

Wakakimbizwa kwa gari. Hart na Robinson walikuta mbio zao zimekwisha. Taylor, ambaye kundi lake lilikuwa la baadaye kidogo, alivua nguo za mazoezi akaingia mstarini karibu bila kupasha misuli, akapita, na mwishowe akapata fedha nyuma ya Valeriy Borzov wa Umoja wa Kisovieti. Rufaa haikusaidia. Wright alijitokeza hadharani akalibeba kosa lote. Ila karatasi ile haikuzaliwa na makosa. Siku ilipochapishwa ilikuwa sahihi. Iligeuka kuwa kosa siku ambayo mpya ilitoka na ya zamani haikukusanywa, na kati ya dawati lililobadilisha saa na mfuko wa kocha hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuuliza: unashika ipi?

Siku kumi baadaye Hart alikimbia zamu ya mwisho ya mita 100 mara nne kupokezana vijiti. Kwenye njia ya Wasovieti, zamu hiyohiyo, alikuwa Borzov. Hart alifika wa kwanza, kwa sekunde 38.19 za timu yake, na akarudi kwao na dhahabu. Robinson hakuwa kwenye kikosi cha vijiti. Raundi ya asubuhi ile ya Agosti ndiyo Olimpiki yote aliyowahi kukimbia.